Kutoka Scarborough hadi Kongwa: katika njia ya John Wilson

Jina la John Wilson halitajwi sana katika shule zetu za wasioona. Nimesoma katika shule hizo, nimefundisha, nimekaa katika vikao vingi vya chama chetu cha wasioona, na kwa muda mrefu nililisikia likipita tu katika hotuba za wageni, jina moja la Mzungu kati ya majina mengine ya Wazungu. Nilipoanza kufuatilia habari zake niliona kuna jambo tumelikosa. Huyu hakuwa mfadhili aliyetuonea huruma kwa mbali. Alikuwa asiyeona mwenzetu. Alipoteza macho akiwa mtoto, na kabla hajatimiza miaka 31 alikuwa ameshaanzisha chama ambacho kazi yake imefika hadi vijiji vya Ugogo nilikozaliwa.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi, nilijua siku ya mapumziko nitaitumia wapi.

Scarborough ni mji wa pwani katika Yorkshire, upande wa bahari ya Kaskazini. Tulipanda treni Leeds, mimi na mpwa wangu anayesomea uuguzi huko. Reli inapita York, kisha Malton, kisha inamalizikia Scarborough, na ukishuka hapo huhitaji kuambiwa kwamba umefika baharini. Shakwe wanapiga kelele juu ya paa la stesheni, na upepo unaingia na harufu ya chumvi na samaki wa kukaanga.

"Mjomba, kuna benchi hapa, sijawahi kuona refu hivi," mpwa wangu akaniambia.

Nikaweka mkono juu ya mbao nikalifuata kutoka mwanzo. Benchi hilo lina urefu wa mita 139, na wenyeji hulitaja kwa fahari. Zamani treni za likizo zilimwaga hapa maelfu ya wafanyakazi wa viwandani waliokuja kuvuta hewa ya bahari, na wote walihitaji pa kukaa wakisubiri treni ya kurudi. Nililimaliza lote kwa kiganja. Mpwa wangu alivumilia kimya.

Kutoka stesheni hadi jengo la Westwood ni mwendo mfupi. Kati ya mwaka 1976 na 1996 ghorofa yake ya chini ilikuwa ukumbi maarufu wa maigizo, lakini kabla ya hapo palikuwa na shule ya sekondari ya wavulana. Niligusa ukuta. Matofali yake yalikuwa ya baridi, yenye unyevu kidogo. Nyuma yangu magari yalikuwa yanapita kwenye daraja, na ng'ambo ya barabara mtu alikuwa anafungua mlango wa duka.

Mwaka 1931 John Wilson alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti, aliyezaliwa Nottingham tarehe 20 Januari 1919. Alikuwa na miaka 12. Katika kipindi cha kemia walipewa chupa yenye lebo isiyo yake. Dawa iliyokuwemo ndani ilipopashwa moto ililipuka, na macho yake yote mawili yakaishia hapo.

Mimi macho yangu yalichukuliwa na surua, kabla sijaanza shule. Nilipokuwa nimesimama pale sikuufikiria sana mlipuko wenyewe. Watoto hupofuka kila mahali, kwa mlipuko, kwa surua, kwa kukosa vitamini A, kwa dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Nilichofikiria ni kilichofuata baada ya hapo, kwa sababu hicho ndicho kilichomfanya awe alivyokuwa. Alipelekwa Worcester, katika chuo cha wavulana wasioona ambacho kilikuwa kimezoea kuwaandaa wanafunzi wake kwa ajili ya vyuo vikuu. Alijifunza nukta nundu. Kutoka Worcester akaenda Oxford, akasoma sheria. Ndani ya miaka kumi tangu ajali ile alikuwa mtu mwenye shahada na kazi.

"Mjomba," mpwa wangu akauliza, "na kama angekuwa mtoto wa Dodoma mwaka huohuo?"

Nilimjibu ninachokijua. Mwaka 1931 Tanganyika nzima haikuwa na shule hata moja ya wasioona. Shule ya kwanza, Buigiri, ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, miaka 19 baadaye. Mtoto wa Dodoma mwenye akili kama za Wilson angekaa kwenye mkeka kando ya nyumba, akipukuchua mahindi na kuwasikiliza wenzake wakienda na kurudi. Wako wengi waliokaa hivyo mpaka wakafa. Hatuna majina yao.

Tulishuka hadi ufukweni, upande wa ghuba ya kusini. Mawimbi ya huko yana sauti nzito kuliko ya Dar es Salaam, na kati ya wimbi na wimbi kuna kimya kirefu. Mpwa wangu alinisomea kutoka kwenye simu yake, nami nikamweleza yale niliyokuwa nimeyasoma mwenyewe.

Mwaka 1941, vita ikiwa imepamba moto, Wilson aliajiriwa na taasisi ya taifa ya wasioona jijini London. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia wasioona ajira viwandani. Wanaume walikuwa wamekwenda vitani na viwanda vilikuwa vinalia kwa uhaba wa mikono, kwa hiyo mameneja waliokuwa hawamtaki asiyeona mlangoni walianza kumsikiliza. Naamini kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo wengi wetu hujifunza kwa machungu: kwamba mlango wa kazi hufunguka pale mwenye kazi anapokuwa na shida, na kwamba ni lazima mtu awe amesimama tayari mlangoni siku hiyo.

Mwaka 1946 taasisi hiyo pamoja na Wizara ya Makoloni zilimpeleka Afrika na Mashariki ya Kati akachunguze hali ya wasioona. Alikuwa na miaka 27. Alizunguka kwa takriban miezi tisa. Taarifa iliyotokana na safari hiyo ilitolewa mwaka 1948, na uzito wake ulikuwa katika hoja moja: sehemu kubwa ya upofu alioukuta haikuwa lazima iwepo. Ilitokana na vimelea, uchafu, njaa, na umbali kati ya mgonjwa na daktari.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mtu asiyeona anapopewa nafasi ya kuwasemea wenzake, kishawishi chake cha kwanza ni kuwapigania walio kama yeye: shule zao, fimbo zao, vitabu vyao. Wilson aliyapigania hayo. Lakini aliona pia kwamba kwa kila mtoto atakayepewa kitabu cha nukta nundu, wengine wengi watapofuka mwaka huohuo kwa ugonjwa unaozuilika, na akakataa kuchagua kati ya kazi hizo mbili. Tarehe 5 Januari 1950 chama chake kikazaliwa, yeye akiwa mkurugenzi. Kiliitwa British Empire Society for the Blind. Baadaye kikawa Royal Commonwealth Society for the Blind, na leo dunia inakijua kwa jina la Sightsavers.

Jina lile la kwanza linasema wazi chama kilizaliwa wapi. Kilikuwa chama cha dola iliyokuwa inatutawala, kilianzishwa baada ya uchunguzi uliobarikiwa na wizara yake, na katika miaka ya mwanzo Waafrika wasioona walikuwemo kama wahudumiwa, si kama wenye kuamua. Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona kama mimi, aliwahi kuniuliza kwa nini nipoteze muda wangu na habari za mtu wa namna hiyo. Nilimjibu kwamba nazisoma kwa sababu zinathibitisha lile tunalolidai sisi wenyewe: mtu aliyepitia upofu akikabidhiwa uongozi, maswali yanayoulizwa hubadilika.

Chukua mfano wa kilimo. Mashirika mengi ya wakati ule yalijua kazi mbili tatu za kumpa asiyeona, kusuka vikapu, kutengeneza brashi, kushona mikeka, kwa kuwa ndizo zilizofanywa katika karakana za Ulaya. Wilson aliona kwamba wasioona wengi wa Afrika wanaishi vijijini kati ya wakulima, na kwamba kijana anayefundishwa brashi mjini hatarudi kwao na kitu. Chama chake kikaunga mkono vituo vya kuwafundisha kulima, kama kile cha Salama huko Uganda. Mimi mwenyewe nimelima hivyo shuleni. Unafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, unaifuata kwa mguu, unapima nafasi kwa mpini wa jembe, unafukia mbegu. Mstari ulionyooka kwa kamba haumwombi mtu macho. Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani, mama alinikabidhi kipande cha shamba, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyewahi tena kuniita mzigo mbele yake.

Wilson hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Yeye na mkewe Jean waliwahi kuishi Nakong, kijiji cha kaskazini mwa nchi inayoitwa leo Ghana, kwenye eneo lililoelemewa na usubi. Ugonjwa huo unaenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito inayokwenda kasi. Nzi akimuuma mtu anamwachia minyoo, vitoto vya minyoo vinatembea chini ya ngozi kwa miaka, ngozi inawasha mpaka mtu hapati usingizi, na vikifika machoni mtu anapofuka. Watu walikuwa wanayahama mabonde yenye rutuba kwa kumkimbia nzi huyo. Nchini kwetu usubi umewatesa watu wa Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Tanga. Kenya waliwamaliza nzi wao wa Nyanza kwa kunyunyizia dawa mitoni katika miaka ya 1940 na 1950. Kwa sehemu nyingine nafuu kubwa ilikuja mwaka 1987, kampuni ya Merck ilipoanza kuitoa bure dawa ya ivermectin, ile ambayo waliohusika kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Nilirudi nyumbani kwa ndege ya kutua uwanja wa Kilimanjaro, KIA. Tulipokaribia, rubani akatangaza kwamba Kilimanjaro inaonekana, na abiria wa upande wa pili wakasimama kutaka kuchungulia. Kijana aliyekaa jirani yangu akaniomba radhi kwa kuniinamia. Nikamwambia aangalie tu, kisha nikamsimulia habari ya mwaka 1969, ambayo hakuwa ameisikia. Mwaka huo chama cha Wilson kiliandaa safari ya vijana saba wasioona kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kuupanda mlima huo, na walifika kileleni. Nchi zetu tatu zilikuwa bado changa. Katika vijiji vingi asiyeona alikuwa haruhusiwi hata kwenda kisimani peke yake, na hawa walipita msituni, wakapita jangwa la mawe, wakapanda changarawe inayoporomoka chini ya mguu, wakasimama kwenye barafu. Kijana yule aliniuliza walipanda kwa ajili ya nini ikiwa hawaoni chochote kule juu. Nilimuuliza na yeye kama watu wanaopanda kuelekea kileleni usiku wa manane huwa wamekwenda kuangalia tu. Akafikiri kidogo, akasema hapana.

Kutoka Arusha nilipanda basi kupitia Babati na Kondoa. Zamani kipande hicho kilikuwa mateso matupu, vumbi la kiangazi na matope ya masika. Leo ni lami hadi Dodoma. Unajua umeingia Ugogo kwa joto kavu linaloingia dirishani na kwa sauti za wauzaji wa ubuyu na karanga vituoni. Nililala mjini, na asubuhi nikapanda daladala ya Chamwino.

Buigiri iko kando ya barabara kuu ya Morogoro. "Mbukwenyi," mlinzi akanisalimu, nikamwitikia, "Mbukwa," na mara nikasikia nyuma ya ukuta sauti ambayo ningeitambua popote: mashine za Perkins, darasa zima likiandika kwa pamoja. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1951 na umbile lake halijabadilika sana hadi leo. Ni ya chuma, ina vibonye sita vya nukta na kimoja cha nafasi, na ukikaribia mwisho wa mstari kengele inalia. Ni ghali. Katika shule nyingi nchini watoto huitumia kwa zamu, na ikiharibika fundi anaweza kuwa mkoa mwingine.

"Shikamoo mwalimu," watoto wakasema.

"Marahaba wanangu. Mnaandika nini?"

Binti mmoja akanishika mkono akauweka juu ya karatasi yake. Ilikuwa insha juu ya mvua. Nukta zake zilikuwa kali na safi, na niliisoma mpaka mwisho kabla sijamrudishia. Niliwaambia kwamba shule yao na chama cha mtu niliyetoka kumfuatilia ni rika moja, vyote vya mwaka 1950, kimoja kikianzishwa London na kingine hapa chini ya mibuyu. Wakauliza kama yule mzee bado yupo. Nikawaambia alistaafu ukurugenzi mwaka 1983 na alifariki tarehe 24 Novemba 1999, na kwamba kabla ya hapo, mwaka 1975, alikuwa ameanzisha shirika la kimataifa la kuzuia upofu. Mvulana mmoja wa nyuma akataka kujua kama alikuwa anatumia fimbo nyeupe au anashikwa mkono. Swali hilo watu wazima huwa hawaliulizi. Nikamwambia katika safari zake nyingi alifuatana na mkewe Jean, na kwamba walifanya kazi pamoja tangu mwanzo.

Siku iliyofuata nilikwenda Kongwa.

Kongwa inastahili kutajwa katika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni karanga. Kipindi kilekile ambacho Wilson alikuwa anazunguka Afrika akihesabu wasioona, serikali ya Uingereza ilikuwa inaandaa mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, na Kongwa ndiyo ilikuwa makao yake. Matrekta yaling'oa vichaka, udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua ikakosekana, na ilipofika mwaka 1951 mradi ukafungwa huku takriban pauni milioni 36 za walipa kodi zikiwa zimefutwa vitabuni. Tangu nizisome tarakimu hizo siachi kujiuliza: sehemu ndogo tu ya fedha ile ingejenga shule na zahanati ngapi za macho kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni?

Sababu ya pili ni vikope. Tangu miaka ya 1980 Kongwa imekuwa moja ya mahali palipochunguzwa zaidi duniani kuhusu ugonjwa huo, ambao madaktari huuita trakoma. Bakteria wake huhama kutoka uso hadi uso, kwa vidole, kwa kanga moja inayowafuta watoto wote, na kwa nzi wanaofuata tongotongo. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena. Miaka inapita, ndani ya kope kunajaa makovu, kope inajikunja, na nywele zake zinaanza kukwangua mboni kila mtu anapopepesa. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohamasishwa kuwaosha watoto nyuso, pamoja na kupewa dawa, vilipunguza vikope vikali. Uso wa mtoto hautaki ndoo nzima. Kata ya maji inatosha, hata kwa familia ambayo mama amekwenda mbali kuyachota.

Nilifika katika zahanati ya kijiji siku ya upasuaji wa kope. Kwenye benchi la nje nilikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

Alinieleza kwamba kwa miaka mingi alikuwa anazing'oa nywele za kope kwa kibanio, yeye mwenyewe au mjukuu wake, na zikiota tena zinakuwa fupi na kali kuliko za kwanza. Alikuwa haendi tena shambani mchana kwa sababu jua lilikuwa linamchoma. Alikuwa anaogopa kisu. Akanishika uso kwa mikono yake miwili, nikajua ameyatazama macho yangu.

"Na wewe hawawezi kukufungua?"

"Hapana bibi. Yangu ni surua ya utotoni, ilishamaliza kazi. Ya kwako bado yapo. Ingia."

Aliingia. Upasuaji huo hauchukui muda mrefu: sindano ya ganzi, kope inageuzwa nje, inashonwa. Alitoka amefungwa bandeji jicho moja, analalamikia njaa, na mjukuu wake akampa mkono wakaondoka.

Nilibaki kuzungumza na tabibu hadi alasiri. Aliniambia wagonjwa wengi huchelewa kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huduma ipo. Nikamuuliza kama katika kamati zinazopanga kazi hiyo wilayani kuna asiyeona yeyote. Akasema hajawahi kumkuta.

Sisi Watanzania wasioona tuna chama chetu wenyewe, Tanzania League of the Blind (TLB), tangu mwaka 1964. Tuna walimu, wanasheria, watangazaji, wachungaji na masheikh. Hatuhitaji kumsubiri Wilson mwingine atoke Yorkshire. Ninachowaomba wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu wa wilaya na mashirika yote yanayoendesha miradi ya macho katika nchi hii ni kiti kwenye meza ya maamuzi, na nyaraka za kikao katika nukta nundu au sauti, zikitumwa siku ileile wanapotumiwa wengine.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna mzee anayejikuna kope au anayesema ukungu umemtanda, usimwambie ni uzee. Vikope na mtoto wa jicho vinafanyiwa upasuaji, na presha ya macho ikiwahiwa inazuilika isiendelee. Mtoto wako apate chanjo ya surua na matone ya vitamini A kwa wakati. Na kama mtaani kwenu kuna mtoto asiyeona ambaye amefichwa ndani, nenda kwa mtendaji wa mtaa au kwa afisa elimu wa kata wiki hii, ukaandikishe jina lake.